Kilo Mbili za Gunia

Sebule ya nyumba ile ya uani, nyuma ya ghala la kahawa la Bwana Nicholaus pale Mbinga mjini, haikuwahi kuingiza watu wengi namna ile. Wazazi walikuja kabla ya saa waliyoitwa. Walburga akatoa viti, akatoa mabenchi, mwisho akageuza hata ndoo, akatandika khanga juu yake ili mgeni asije akaona aibu kukalia ndoo. Mumewe, Kilian, mpima mizani wa Bwana Nicholaus, alisimama mlangoni na birika la chai mkononi, amevaa shati lake la Jumapili ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Wazazi walikuwa wameitwa waje waone wenyewe kile watoto wao wanachofundishwa. Maneno yalikuwa yameanza kutembea, kwamba Walburga, yaani Mama Tadea, anafuga watoto wa watu mbele ya michezo ya kompyuta. Michezo ilikuwepo, hakukana. Kaka yake aliyekuwa Dar es Salaam alimletea diski ya mchezo mmoja uliokuwa umeenea kila mahali penye kompyuta. Mchezaji hupewa watu wachache na pori tupu, akate miti, alime, ajenge soko, mpaka awe na dola. Watoto wakauita Himaya. Kompyuta yenyewe Walburga aliipata chama cha ushirika kilipokufa, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia na wafanyakazi wakagawana vitu badala ya mafao. Mmoja aliondoka na kabati, mwingine na meza ya meneja. Yeye, aliyekuwa mpiga chapa wao kwa miaka kumi na mmoja, aliachiwa ile mashine ambayo wenzake waliiogopa.

Siku moja, katika kufungua hili na lile, aligundua kwamba kanuni za Himaya zimeandikwa kwenye faili la maneno tu, kama barua. Alifuta neno kondoo, akaandika mbuzi. Alipofungua mchezo, mbuzi walikuwa wanatembea majanini, wenye sura ya kondoo lakini wanaitwa mbuzi. Alicheka peke yake chumbani hadi Tadea, bintiye wa darasa la sita, akaja kuuliza kuna nini.

Darasa lilianzia hapo, na lilikuwa na sheria moja. Hachezi mtu ambaye hajabadilisha kitu, na habadilishi kitu mtu asiyeweza kueleza alichobadilisha. Mchezo ukigoma kufunguka, hapaulizwi nani kaharibu. Panaulizwa, "Mara ya mwisho ulibadilisha nini?" Basi mtoto hurudi mstari kwa mstari mpaka akute mahali alipoteleza. Yale maneno machache ya Kiingereza ambayo mashine huyataka, Walburga aliyaandika ubaoni na maana zake: kama, basi, la sivyo. Kwa maneno hayo matatu watoto kumi na mmoja walikuwa wakiupindua ulimwengu kila wiki.

Jumamosi ile alianza Blasius, mtoto wa kijiji cha Ukata aliyekaa kwa shangazi yake mjini ili asome. Mama yake na babu yake, Mzee Leopold, walikuwa wameteremka kutoka Ukata alfajiri kwa ajili yake. Blasius aliwaonyesha milima ya Himaya, akaeleza kwamba mvua ikinyesha udongo hushuka na mavuno hupungua, kwa hiyo ameandika kanuni: kama mlima una ngolo, basi udongo usishuke. Mzee Leopold, ambaye amechimba yale mashimo ya ngolo kwenye miinuko tangu utoto, alisogeza uso karibu na kioo.

"Haya mashimo umeyapanga vizuri," alisema. "Lakini nyasi hujaweka."

Watu wakacheka kwa furaha. Walburga aliona mabega ya wale waliokuja na shaka yakilegea, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kisha akaja Tadea. Yeye alikuwa ametengeneza soko la kahawa. Mkulima alishuka mlimani na gunia lake la kilo hamsini, akafika kwa mnunuzi, gunia likapanda mizani. Pale juu pakaandikwa arobaini na nane.

Mama Blasius ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia. "Mwanangu, hizo mbili zimekwenda wapi?"

"Ni kanuni, mama," Tadea akajibu, naye akafungua faili ili wote waone, kama walivyofundishwa. Akasoma kwa sauti. "Kama mizani ni ya mnunuzi, basi gunia toa mbili. Baba ndivyo anavyofanya. Anakaza ile skrubu ya nyuma. Aliniambia kilo mbili ni za gunia lenyewe."

Mama Blasius alitazama viganja vyake. "Gunia tupu halifiki hata kilo moja," alisema. "Nimeyabeba matupu na nimeyabeba yamejaa."

Tadea aliwaza kidogo. Alikuwa mtoto wa kupenda mambo yanyooke. "Basi nilikosea," akasema, akaweka vidole juu ya vibonye. "Nibadilishe?"

Walburga aligeuka kumtazama mumewe. Mlangoni palikuwa na birika tu, limewekwa chini kizingitini, linatoa mvuke.

*

Kesho yake baada ya misa hakuna aliyewasimamisha kwa maneno makali. Watu waliwasalimu wakapita, na huko kupita ndiko kulikouma. Siku zote Kilian alipotoka kanisani alizungukwa na watu wa kumuuliza bei itafunguliwa lini, na kituo kipi kitaanza. Jumapili ile alitembea katikati ya uwanja kama mtu aliyebeba kitu chenye harufu.

Walburga alingoja mpaka wafike nyumbani, mpaka Tadea atumwe maji.

"Tangu lini, Baba Tadea?"

"Misimu minne sasa, tangu nilipoanza kazi hapa." Kilian alikaa kwenye ile ndoo ya jana bila kujua anakalia nini. "Bosi alinionyesha skrubu. Akasema wote wanafanya. Akasema nikiona vigumu niseme tu, wapo kumi wanangoja kazi."

"Na wewe ulipata nini?"

"Sikupata kitu. Kazi, na hii nyumba." Akajifuta uso. "Mtoto aliponiuliza, nilimwambia ni za gunia. Nikawa nawaambia na wakulima hivyo hivyo. Mwisho nikawa najiambia na mimi."

Walburga alikuwa na mengi ya kusema, na mengi hayo yangeweza kusemwa na mwanamke ambaye hakula ugali wa mizani ile. Yeye ameula misimu minne. Alikwenda jikoni akachochea moto uliokuwa hauna haja ya kuchochewa.

*

Jumatatu asubuhi waliitwa ofisini wote wawili. Bwana Nicholaus hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa anakunywa chai na mihogo, na aliendelea kunywa. Viti viwili vilikuwepo mbele ya meza yake, lakini hakuwaambia wakae, nao hawakukaa.

"Mtoto ni mtoto," alisema. "Mimi sina neno na mtoto. Lakini Alhamisi tunafungua mizani Ukata, na nasikia huko wameshaanza kuulizana maswali. Sasa Mama Tadea, utapanda gari na sisi. Utawaambia watu kwamba mtoto alikosea, ni mchezo tu, na kwamba umeshaufunga. Dakika mbili. Halafu maisha yanaendelea."

"Na kama sikusema?" Walburga aliuliza.

Bwana Nicholaus alifuta vidole. "Ile nyumba ni ya mfanyakazi wangu. Asiye mfanyakazi wangu atakaaje humo?" Akasogeza karatasi yenye mwandiko wake. "Maneno nimekuandikia. Wewe si ulikuwa mpiga chapa? Kapige nakala mbili. Moja ubaki nayo, nyingine uniletee, nisije nikasikia vingine huko."

Kilian alisema, "Ndiyo, bosi." Walburga aliichukua karatasi.

Aliipiga ile barua kwenye kompyuta yake mwenyewe mchana ule, kwa vidole vinavyojua kazi. Iliishia na maneno "naomba radhi kwa usumbufu." Tadea alirudi kutoka shule akamkuta, akasoma juu ya bega lake kabla hajawahi kuifunika.

"Mama, nilikosea wapi?"

"Mambo ya watu wazima, mwanangu."

"Sawa. Lakini imeandikwa nilikosea." Hakuwa anabisha, alikuwa anataka kujua, kama anavyotaka kujua Jumamosi zote. "Nionyeshe mstari, nitaurekebisha."

Walburga alimwambia akavue sare, akale.

*

Alhamisi gari la kampuni liliwashusha Ukata jua likiwa limeshapasha mabati ya kituo. Wakulima walikuwa wameshapanga magunia yao kwa mstari, kahawa kavu ya maganda, kila mtu amesimama karibu na lake. Mzee Leopold alikuwa wa pili katika mstari. Mama Blasius alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mzee," Walburga alisalimu.

"Marahaba," akajibu Mzee Leopold, akatazama pembeni.

Bwana Nicholaus alibaki ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje. Alimpa Walburga ishara ya kichwa. Walburga akasogea mpaka chini ya ile mizani iliyokuwa ikining'inia kwenye boriti, akakunjua karatasi. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ndugu zangu, mimi Walburga, mke wa Kilian, nimekuja kusema kuhusu habari iliyotoka nyumbani kwangu. Mtoto wangu..."

Hapo akasimama. Neno lililofuata, alikosea, lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa na alikuwa amelipiga yeye mwenyewe, lakini aliliona kama mtu anavyoona jina lake kwenye kaburi. Watu wakangoja. Mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Mama Tadea, kaa," Kilian akasema.

Walburga alifikiri amesikia vibaya. Kilian alikuwa ameshavuka barabara. Aliingia duka la mbele, akasemezana na mwenye duka, akatoka ameinama, mfuko wa saruji begani, haujafunguliwa, vumbi la kijivu likimwagika kwenye shati. Akautundika kwenye kulabu. Mfuko ulikuwa umeandikwa ubavuni kwa maandishi makubwa kilo hamsini, na hata asiyejua kusoma aliijua saruji na uzito wake.

Mshale ukayumba, ukatulia kwenye arobaini na nane.

"Mwanangu hakukosea," Kilian alisema. Hakupaza sauti, na watu wakasogea ili wamsikie. "Aliandika kile alichoniona nikifanya. Gunia halina kilo mbili. Hizo nilikuwa nazitoa mimi, kwa mkono huu." Akatoa bisibisi mfukoni, akainyanyua waione, akazunguka nyuma ya mizani akalegeza skrubu mpaka mshale ukapanda ukagusa hamsini. Kisha akaiweka bisibisi juu ya meza ya kuandikia, karibu na kalamu, akarudi nyuma hatua mbili.

Walburga alidhani watampiga. Alimwona kijana mmoja akiokota fimbo, na Mama Blasius akamshika mkono yule kijana bila hata kumtazama. Mzee Leopold ndiye aliyesema, na alisema polepole.

"Misimu minne, Kilian. Mwaka juzi mke wangu aliumwa, nilileta magunia sita hapa. Ulinisaidia kuyashusha. Ukaniambia pole."

"Ndiyo, mzee."

"Ukaniambia pole," akarudia Mzee Leopold. Akalibeba gunia lake mwenyewe, akaondoka nalo. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Mlango wa gari ulifungwa, gari likageuza. Halikuwangoja.

Walirudi Mbinga kwa miguu. Njia ndefu ile walitembea mpaka walipofika kwenye kijito, Kilian akainama kunawa saruji usoni. Alipoinuka, Walburga alimpa ncha ya khanga yake ajifutie. Alikuwa hajampa kitu kwa mkono wake tangu Jumapili.

*

Waliambiwa wawe wametoka kabla ya Jumamosi ya pili. Walburga aliwaza kuteremka Ngumbo, kwao, ziwani, lakini kule hakuna umeme hata wa kuwasha taa, na kaka zake walikuwa wanalala wanane katika vyumba viwili. Alikuwa anafunga vyombo bila kujua anavifunga kwenda wapi, ndipo Mama Blasius akapiga hodi.

Alikuja na fungu la usipa wakavu, dagaa aliowanunua kwa wachuuzi wa ziwani, limefungwa kwenye jani. Aliliweka mezani kwanza, ndipo akakaa.

"Nina stoo ya kahawa pale kwangu Ukata," alisema. "Ina vyumba viwili. Msimu huu haina kitu, wanunuzi bado hatujawapata. Mhamie."

Walburga alimtazama asiamini. "Mama Blasius. Sisi ndio tuliokuibia."

"Najua. Sijasahau, nisikudanganye." Mama Blasius alinyoosha khanga magotini. "Lakini hawa wengine wanaokuja na mizani zao, nitawajuaje? Afadhali mtu aliyejitaja. Halafu nimemuuliza Sista Gaudiosa wa zahanati. Kila Jumamosi wanawasha jenereta kwa muda wa saa mbili kusukuma maji. Anasema hiyo mashine yenu inaweza kula umeme humo humo."

Walburga alitaka kusema asante. Akaona neno lenyewe ni dogo, akalisema hivyo hivyo dogo. Kisha akalia, na Mama Blasius akamngoja amalize, akamsaidia kufunga sufuria.

"Baba mkwe wangu hataki," aliongeza akiwa mlangoni. "Mjue hilo kabla hamjaja. Anasema stoo ni yangu, lakini salamu ni zake."

Na kweli, walipohamia, Mzee Leopold hakuwasalimu. Kilian alipita kwake asubuhi ya kwanza akamwamkia, mzee akaendelea kunoa panga. Siku ya pili Kilian alikwenda shambani kwa mzee bila kuitwa, akaanza kufyeka nyasi na kuzilaza mistari mistari kwa ajili ya ngolo, kazi ya wanaume. Mzee akamkuta, akasimama, akaondoka. Siku ya tatu akamkuta tena. Akamwambia tu, "Mistari yako inapinda," akaondoka. Siku ya nne mistari haikupinda. Kilian alipomaliza kwa mzee alihamia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Nyumba mbili zilimfukuza. Moja ilimpa uji.

Darasa lilifunguliwa kwenye baraza ya zahanati. Watoto wa mjini hawakuweza kuja, isipokuwa Blasius, aliyekuwa likizo. Lakini wa Ukata walikuja ishirini, na saa mbili za jenereta hazikutosha, kwa hiyo Walburga aliwafundisha waandike kanuni zao kwenye madaftari wiki nzima, wazijaribu kwa kuigiza. Mmoja akawa mbuzi, mwingine mvua, mwingine mlima. Jumamosi ikifika wanakuwa wameshasahihishana, wanakuja kupiga tu. Sista Gaudiosa alisema hajawahi kuona watoto wanaofurahi kiasi kile kugundua kwamba wamekosea. Na wakulima, waliokuwa wakiwatazama kutoka kwenye foleni ya dawa, wakachanga wakanunua mizani yao, wakaitundika kwenye baraza ile ile. Mnunuzi mwingine alipokuja mwezi wa tisa aliikuta.

*

Jumuiya ya mtaa husali kila Jumatano alasiri, kwa zamu za nyumba. Zamu ilipofika kwenye stoo ya Mama Blasius, Walburga alifagia mara tatu. Hakujua ni wangapi watakuja. Walikuja wote, na Mzee Leopold akaja wa mwisho, akakaa karibu na mlango, kofia mkononi.

Baada ya somo hufuata shukrani. Mtu husema neno lake, na wenzake huitikia, "Twakushukuru, ee Bwana." Mmoja alishukuru kwa mvua ya kwanza iliyowahi. Mama Blasius alishukuru kwa mizani. Sista alishukuru kwa watoto wachanga wawili waliozaliwa salama. Tadea alishukuru kwa jenereta, watu wakaitikia huku wakitabasamu. Walburga alikuwa na orodha ndefu moyoni, tangu fungu la usipa hadi ule uji, na alikuwa anatafuta aanzie wapi, Kilian akamtangulia.

Hakuwahi kusema neno katika jumuiya hata wakati wa heshima zake. Alisimama, akaona amesimama, hakujua mikono aipeleke wapi.

"Nakushukuru, Bwana," alisema, "kwa kunipa mtoto aliyeandika nilichokuwa nafanya."

Akakaa.

Hakuna aliyeitikia. Nje kuku walikuwa wanaparua maganda ya kahawa ya mwaka jana. Walburga aliinamisha kichwa, akahesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu, na akajisemea kwamba hata kimya hiki ni haki yao, hawadaiwi jibu.

Kisha sauti moja, kavu na nzito, ikatoka karibu na mlango. "Twakushukuru, ee Bwana," akasema Mzee Leopold.

Wengine wakafuata, wote, sauti zikajaa stoo nzima. Walburga akainua kichwa, akaitikia nao.